Mtu Mwenye Nguvu Nyingi Adaiwa Nini?

Kila kijiji kina mtu wake mrefu. Akipita njiani, watoto hunyamaza; akiinua gogo, wenzake wawili hupumzika. Wazee husema: Mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo yasema kweli juu ya mambo yalivyo. Humfundisha mnyonge wajibu wake, yaani kuondoka njiani asije akakanyagwa. Lakini juu ya wajibu wa mwenye nguvu haisemi neno. Basi swali ni hili: mtu aliyepewa mwili mkubwa kuliko wenzake, adaiwa nini zaidi yao? Na mwili huo ukimwumiza mwingine pasipo kusudi, je, aweza kusema «Sikutaka», kisha akaenda zake?

Ili swali hili lifahamike vema, yafaa kutazama maisha ya mtu mmoja ajulikanaye sana katika nchi za baridi. Jina lake ni Zdeno Chára, naye alikuwa mchezaji wa hoki ya barafu.

Katika nchi kama Kanada na Slovakia, wakati wa baridi kali, maji ya maziwa hugandamana, yakawa magumu kama jiwe, hata watu huweza kutembea juu yake. Hapo ndipo mchezo huo ulipoanzia. Siku hizi wachezaji wakubwa huchezea ndani ya nyumba kubwa, juu ya barafu iliyotengenezwa kwa mitambo. Katika Amerika ya Kaskazini uwanja huwa na urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Umezungukwa na ukuta unaofika kiunoni, na juu ya ukuta huo pana kioo kinene cha kuwakinga watazamaji. Kila upande huwa na watu sita uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda lango. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, nao huteleza upesi kuliko mtu akimbiaye kwa miguu. Hawachezi mpira wa mviringo, bali kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi, wakikipiga kwa fimbo ndefu zilizopinda mwishoni.

Kama ilivyo katika mpira wa miguu, wako washambuliaji, tena wako mabeki. Kazi ya beki ni kuwazuia adui wasilifikie lango. Sheria yamruhusu kumsukuma kwa bega au kwa kifua yule aliye na kisahani. Haimruhusu kumpiga mtu kwa kiwiko, wala kumzuia asiye na kisahani. Akivunja sheria hutolewa nje kwa dakika 2, au 5, au hufukuzwa kabisa, kadiri ya uzito wa kosa lake.

Chára alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Trenčín, uliokuwa wakati ule katika nchi ya Chekoslovakia, na leo umo katika Slovakia. Baba yake, Zdeněk, alikuwa mpiga mieleka, na mwaka 1976 alishindana katika Michezo ya Olimpiki huko Montreal, mji wa Kanada. Mtoto alirefuka kupita desturi. Wako waliomshauri aache barafu akacheze mpira wa kikapu, kwa maana mtu mwenye miguu mirefu hivyo hupata taabu nyingi kugeuka upesi juu ya chuma chembamba. Hakukubali. Mwaka 1996 timu ya New York Islanders ilimchagua, lakini baada ya vijana wengine 55 kuchaguliwa kwanza. Mwaka huohuo alisafiri mbali na kwao, akaenda kucheza na vijana wenzake katika mji wa Prince George, huko Kanada. Mwaka 1997 aliingia katika ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Kimo chake kilikuwa sentimita 206, na uzito wake ulipita kilo 110. Katika ligi hiyo hajatokea kabla yake mchezaji mrefu kama yeye.

Kijana huyo alipojifunza kazi yake, kusimama kwake tu juu ya barafu kulibadili mchezo. Akivaa viatu vyake vya chuma, kimo chake kilipita mita 2 na sentimita 10. Sheria huweka mpaka wa urefu wa fimbo, lakini wachezaji walio warefu mno hupewa ruhusa ya kutumia fimbo ndefu kidogo. Basi mkono mrefu ukaongezewa fimbo ndefu. Mshambuliaji aliyekuja mbio na kisahani aliona nafasi upande wa kushoto. Mara fimbo ikafika hapo, na nafasi ikafungwa. Alipogeukia kulia, akaukuta mwili uliosimama kama mwamba. Mara nyingi aliachilia kisahani kabla hajaguswa.

Hapo pana jambo la kwanza la kufikiri. Watu husifu nguvu kwa ajili ya vitu inavyovunja. Walakini nguvu bora za beki huyu hazikuvunja kitu. Zilifunga njia, basi. Mlango imara haumpigi mwizi; wasimama tu mahali pake, naye hurudi alikotoka.

Je, kimo hicho kilikuwa sifa yake? La, sivyo. Hakuna mtu aliyejiongezea urefu kwa bidii yake. Kimo si fadhila, kama vile ufupi si dhambi. Mwenye kujivunia urefu wake hujivunia kazi asiyoifanya. Sifa ya mtu i katika mambo aliyoyatenda kwa kile alichopewa. Chára alijifunza kuteleza kinyumenyume na kugeuka upesi, mambo yaliyokuwa magumu kwake kuliko kwa wafupi. Alifanya mazoezi miaka mingi, hata alipoacha mchezo mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa amecheza mara 1,680 katika ligi, kupita mabeki wote waliomtangulia. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya beki bora. Tangu 2006 mpaka 2020 alikuwa nahodha wa timu ya Boston Bruins, na mwaka 2011 timu hiyo ilishinda Kombe la Stanley. Mambo hayo yaweza kusifiwa, kwa kuwa mapenzi yake mwenyewe yalishiriki.

Lakini mwaka huohuo wa 2011, kabla ya ushindi, lilitokea jambo lililowafanya watu wengi waulize swali gumu. Tarehe 8 Machi, Bruins walikuwa wakicheza Montreal, mji uleule ambamo baba yake alipiga mieleka. Kijana wa timu ya Montreal, Max Pacioretty, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa akikimbilia kisahani karibu kabisa na ukuta. Chára alimsukuma kwenye ukuta. Mambo ya namna hiyo hutokea mara nyingi katika mchezo huo, na mara nyingi mtu husimama akaendelea. Lakini mahali pale kioo kilikatika kupisha benchi la wachezaji, na mwisho wa kioo ulikuwapo mhimili uliosimama wima. Kichwa cha Pacioretty kiligonga mhimili huo. Alianguka, akalala juu ya barafu bila fahamu, na uwanja wote ukanyamaza. Waganga walikuta ubongo umetikiswa vibaya, tena pingili moja ya shingo imepasuka.

Mwamuzi alimfukuza Chára mchezoni. Wakuu wa ligi hawakuongeza adhabu nyingine. Yeye mwenyewe alisema kwamba hakukusudia kumwumiza mwenzake. Polisi wa Montreal walifanya uchunguzi, na mwishoni mwa mwaka ikaamuliwa kwamba hatashtakiwa.

Watu waligawanyika pande mbili. Wengine walisema kwamba hana kosa lolote: mchezo ni wa nguvu, kila aingiaye uwanjani ajua hatari yake, na mhimili ule hakuuweka yeye. Wengine walisema kwamba mtu mkubwa kama yule hawezi kujitetea kwa maneno hayo, kwa kuwa msukumo wake si sawa na msukumo wa mtu mwingine. Ni akina nani waliosema kweli?

Ili kujibu, yapasa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kusudi. Mtu atakaye kumwumiza mwenzake amekosa, hata kama mkono wake ni dhaifu na pigo halikudhuru. Asiyetaka kuumiza hana kosa la namna hiyo, na hakuna mtu awezaye kusoma moyo wa mwingine kwa kutazama jeraha peke yake. La pili ni sheria. Mwamuzi alihukumu tendo, wala hakuhukumu roho ya mtendaji, kama impasavyo mwamuzi. La tatu ni uangalifu, na hapa ndipo lilipo swali lenyewe. Mtu aweza kuwa bila kusudi baya, akawa bado anadaiwa uangalifu. Na uangalifu haupimwi kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Hupimwa kwa uwezo wa kudhuru.

Kazi ya baba yake yasaidia kufahamu jambo hili. Mpiga mieleka hupimwa uzito kabla ya shindano, kisha hupambanishwa na mtu ambaye uzito wake wakaribia wake. Hapo sheria yenyewe imekwisha kusawazisha miili. Mshindani aweza kutumia nguvu zake zote bila kujiuliza sana. Katika hoki mizani hiyo haipo. Mwenye kilo 110 hukutana na mwenye kilo 80, na bega la mtu wa sentimita 206 hufikia kichwa cha mtu wa kimo cha kawaida. Kazi ambayo mizani huifanya katika mieleka, huku haina budi kufanywa na dhamiri ya mwenye nguvu. Lazima ajipime mwenyewe, tena ajipime upesi, kabla bega halijafika.

Mtu aweza kupinga akisema: «Basi mrefu ataadhibiwa kwa urefu wake. Mwenzake hucheza kwa uhuru, naye atacheza kwa hofu.» Pingamizi hilo lina nguvu, wala lisidharauliwe. Ni kweli kwamba beki aliyeogopa mwili wake mwenyewe angeliacha lango wazi, na kuwakosesha wenzake ulinzi waliomtegemea. Kujizuia si kuacha kazi. Wanawake wawili watwangapo katika kinu kimoja, mwenye nguvu zaidi hautupi mchi wake chini kwa kumhurumia mwenzake. Aendelea kutwanga, lakini hufuata mwendo wa wote wawili. La sivyo michi itagongana, na unga utamwagika. Nguvu zake hazikupungua; zimewekewa kipimo. Tena kipimo hicho si adhabu. Ni deni la kipawa, kama vile mwenye mtumbwi mkubwa adaiwavyo kutazama nyuma yake, mawimbi yake yasipindue mitumbwi midogo.

Lakini deni hilo si la mtu mmoja tu. Baada ya siku ile watu walitazama pia mhimili, wala si bega peke yake. Msimu uliofuata, wakuu wa ligi waliagiza vioo vya mviringo viwekwe mahali kama pale, ili mtu anayesukumwa ateleze pembeni badala ya kugonga ncha. Mambo hayo yalipasa yote mawili. Mwenye nguvu ajipime, na wenye kujenga uwanja waondoe mtego. Anayemlaumu mtu mkubwa na kuliacha shimo wazi njiani amefanya nusu ya haki tu. Pacioretty naye alipona, akarudi uwanjani msimu uliofuata. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya uvumilivu na moyo wa mchezo, na mwaka 2015 alifanywa nahodha wa timu yake.

Yafaa kutaja jambo moja zaidi. Katika timu nyingi kulikuwa na desturi mbaya ya kuwadhihaki vijana wapya na kuwaonea, ati ili wajue mahali pao. Chára, alipokuwa nahodha, hakuipenda desturi hiyo. Hakutaka hata vijana hao waitwe kwa jina la kuwatenga kama wageni, bali wahesabiwe wachezaji kama wengine. Kijana aliyeingia chumbani akiogopa aliwakuta wakubwa, na aliye mrefu kuliko wote hakuruhusu adharauliwe. Kimo hakikumlazimisha nahodha kutenda hivyo. Aliamua. Na ndivyo nguvu zinavyopata kuwa fadhila: zinapoamua kumfunika mdogo kama kivuli cha mti, badala ya kumwangukia kama tawi.

Basi jibu la swali ni hili. Mwenye nguvu nyingi hadaiwi kuona haya kwa mwili wake, wala kuuficha. Adaiwa kuujua. Adaiwa kupima pigo lake kwa udhaifu wa mwenzake, wala si kwa hasira yake. Na akimwumiza mtu pasipo kusudi, neno «Sikutaka» ni mwanzo wa jibu lake. Mwisho wake ni kumsogelea aliyeanguka, na kujifunza.

Tena nguvu si mifupa tu. Baba mbele ya mtoto wake ni mrefu kuliko beki yule. Mwalimu mbele ya mwanafunzi, tajiri mbele ya mdeni wake, mwenye ulimi mkali mbele ya asiyejua kujibu, hao wote wanasimama juu ya barafu, na bega lao hufikia kichwa cha mwenzao. Wazee walisema, Mwenye nguvu mpishe. Lakini walisema pia, Mkubwa ni jalala, maana yake mizigo ya wote hutupwa kwake, naye hana budi kuichukua. Methali ya kwanza huwafaa wanyonge. Hiyo ya pili, kila mtu na aitafakari siku ile aonapo watu wanampisha njiani.