Likizo ya watoto isiwe likizo ya dini

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, kila zinapokaribia sikukuu za Idd na likizo za shule, swali moja huulizwa sana hapa mjini. Je, inafaa Mwislamu amchukue mkewe na watoto wake wadogo wakalale siku mbili tatu katika hoteli ya ufukweni yenye mabwawa na michezo ya maji? Wapo wanaojibu haraka kuwa haifai kabisa, kwani huko ni kwenye pombe na watu walio uchi. Na wapo wasiouliza kabisa. Wao hulipa, huingia, na wakishavalishwa ule utepe wa mkononi pale mlangoni, basi swala, stara na halali vyote hubaki nje vikiwasubiri mpaka siku ya kuondoka.

Mimi nasema makundi yote mawili yanamdhulumu mtoto. La kwanza linamnyima haki yake ya furaha. La pili linamfundisha kuwa dini ni jambo la nyumbani na madrasa tu, na kwamba kwenye raha haina nafasi.

Furaha ya mtoto ni haki

Uislamu haukuja kununa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa siku ya Idd Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w) akamsitiri bibi Aisha (r.a) ili atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w) alishindana mbio na bibi Aisha. Na yule bwana Aqra' bin Habis aliyejigamba kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w) alimjibu kuwa asiyehurumia naye hahurumiwi. Salman (r.a) alipomuona ndugu yake Abu Dardaa amezama katika ibada hata akawasahau watu wake, alimkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki na ahli pia wana haki, na Mtume (s.a.w) akamsadikisha.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Siku ya Idd baba anampa mtoto elfu mbili tatu, anamwambia nenda kacheze, kisha yeye analala au anakwenda barazani. Mtoto anakwenda wapi? Anakwenda anakokwenda kila mtu. Hatujasahau Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walifariki kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko toto. Walikuwa watoto waliovaa nguo mpya asubuhi ile. Tunawaombea rehma na wazazi wao tunawaombea subira. Lakini swali linabaki juu yetu sote: sikukuu ya watoto wa Kiislamu tumemwachia nani?

Kwa hiyo tatizo si mtoto kucheza. Mtoto atacheza tu. La kujiuliza ni nani anakwenda naye, na kwa adabu gani.

Tulivyokaa siku mbili

Baada ya Idd iliyopita, mimi na mama watoto tuliwachukua wanetu watatu pamoja na mtoto wa marehemu ndugu yangu, tukaenda kulala siku mbili katika mojawapo ya hoteli za pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, upande wa Kunduchi. Nayasimulia haya kwa sababu wengi wanadhani haiwezekani mtu akaenda huko na akabaki Mwislamu.

Kabla ya kulipa tulipiga simu tukauliza mambo matatu. Nyama inachinjwa na nani? Mama anaruhusiwa kuingia kwenye maji akiwa na nguo ya kuogelea inayomsitiri mwili mzima? Siku gani hakuna watu wengi? Tulipojibiwa tukachagua Jumanne na Jumatano, wala hatukwenda siku ya pili ya Idd ambapo mji mzima unahamia huko na muziki haupumziki. Tulipoingia chumbani nilimuomba mhudumu aondoe chupa za bia katika friji ndogo. Aliziondoa huku akitabasamu, akatuletea maji. Kisha tukatafuta kibla, tukatandika mswala, na watoto wakajua kuwa chumba hiki nacho ni nyumba ya Waislamu.

Meza tuliyokalia ilikuwa mbali na kaunta ya vileo, kwani Mtume (s.a.w) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. Nilivaa bukta iliyovuka magoti. Wengi tunahangaikia stara ya wake zetu tu, tukisahau kuwa katika Suratun Nuur (24:30-31) amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu imeanza kwa wanaume kabla ya wanawake. Baba anayemfokea mkewe kwa ushungi uliosogea, huku mapaja yake mwenyewe yako nje, anawafundisha nini watoto?

Siku ya kwanza, adhuhuri ilipoingia, watoto walikuwa wamenogewa kwenye mabomba ya kuteleza. Nikawaita. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka minane, akauliza: "Baba, kwani swala nayo haina likizo?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa anauliza utaratibu. Shule imefungwa, madrasa imefungwa, baba haendi kazini, mama hapiki. Kila kitu kimepumzika, basi kwa nini swala isipumzike? Jibu la swali hili haliwi maneno. Nilimwambia, "Mwanangu, tunapumzika kazi za watu. Yule aliyetupa haya maji hatupumziki kumshukuru." Kisha nikatoka mimi kwanza kwenye maji. Wakatoka wote, tukasuuza miili, tukatia udhu, tukaswali jamaa chumbani, nao wakarudi kucheza mpaka alasiri. Haikuzidi nusu saa, na mchezo haukupungua utamu.

Katika Surat Twaha (20:132) Allah (s.w) amemuamrisha Mtume wake awaamrishe ahli zake swala na yeye mwenyewe aendelee nayo kwa subira. Tazama, amri ni mbili. Anayemtoa mtoto majini akaswali huku yeye anaendelea kuelea ameshika moja na kuiacha ya pili.

Hapa nikumbushe mas-ala moja ambayo watu huyafanyia mzaha. Mkazi wa Kariakoo au Temeke akienda kulala Kunduchi hajawa msafiri. Yuko ndani ya mji wake, hivyo hana ruhusa ya kupunguza swala kwa kuwa tu amelala hotelini. Anayetoka Morogoro au Tanga, huyo ana hukumu ya safari.

Maji ni neema na ni amana

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri yetu hayaligusi. Sisi ni watu wa pwani na visiwani, lakini wengi wetu hatujui kuogelea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd el Fitr, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakapoteza maisha, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Kadari ya Allah haina mjadala. Lakini kufunga ngamia kisha kutawakali ndiyo mafundisho ya Mtume wetu. Katika hadithi aliyoipokea Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ya mchezo yasiyohesabiwa kuwa upuuzi.

Shirika la Afya Duniani limeeleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao ni watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele kama kwenye filamu. Huzama kimya, kwa dakika chache tu, na pengine hatua mbili kutoka kwa mzazi anayeangalia simu. Pale bwawani niliwaona akina baba waliolipa fedha nyingi kuwaleta watoto, kisha wakawapa migongo, macho kwenye simu. Mwenye mtoto mdogo akae naye ndani ya maji, mkono wake ukimfikia. Mlinzi wa bwawa ni msaidizi tu. Mchunga ni wewe, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Siku ya pili baada ya alasiri tuliwapeleka watoto kwenye magofu ya Kunduchi, ambayo hayako mbali na hoteli hizo. Chini ya mibuyu kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi, mengi yakiwa ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Vyombo vingi vimekwishatoka, zimebaki alama za duara kwenye nguzo. Waliozikwa pale walikuwa watu wenye mali, Waislamu wa pwani hii hii. Tuliwatolea salamu na kuwaombea. Mtume (s.a.w) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha Akhera, na Suratut Takaathur (102:1-2) inatuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka tunafika makaburini. Watoto hawakuogopa. Waliuliza maswali mengi, na maswali yale yalikuwa na thamani kuliko darsa la wiki nzima.

Usia wangu

Kwanza, usikope ili uonekane. Suratul Furqan (25:67) imewasifu wasiofanya israfu wala ubahili. Asiye na uwezo wa hoteli, bahari ya Allah haina kiingilio kila mahali. Jambia, maji ya kunde, na baba aliye macho vinatosha.

Pili, chukua yatima mmoja katika ukoo wako. Gharama yake ni sahani moja zaidi, na malipo yake unayajua.

Tatu, misikiti na madrasa zetu ziache kulaumu tu. Kukodi bwawa kwa saa chache, akina mama na wasichana wakawa peke yao na mwalimu wao wa kike, si jambo gumu. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Kama limewezekana kijijini, mjini linashindikana nini?

Hanzala (r.a) alihofia kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa na wake na watoto imani yake haiwi kama alivyo mbele ya Mtume (s.a.w). Akajibiwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Lakini saa zote mbili ni za Mola mmoja. Mtoto akilijua hilo akiwa bado ana maji masikioni, hatalisahau akiwa mtu mzima.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, atulindie wadogo zetu na kila janga la maji na nchi kavu, na awarehemu waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiq.