Guno Kabla ya Neno

Mtu akiulizwa jambo zito, akavuta pumzi na kuguna tu, "mh", hatusemi kwamba hajajibu. Tumeshamwelewa, pengine kuliko kama angejieleza. Guno hilo ndilo lililonijia nilipoisikiliza tena A Taste of DNA, santuri ya nyimbo sita iliyotolewa mwaka 1981 na DNA, bendi ya watu watatu ya New York. Yote ni dakika kumi hivi.

Arto Lindsay hakujifunza gitaa kwa njia ya kawaida, wala hakujishughulisha kulityuni. Analikwaruza, nalo linalia kama bati linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji. Anapoimba, anakoroma, anapaliwa, anapiga ukelele. Neno likichomoza, linakatika kabla halijafika mdomoni. Ikue Mori alitoka Tokyo mwaka 1977 akiwa hajawahi kupiga ngoma. Humu hafuati ule mdundo wa roki wa kuhesabu nne. Anazizungukia ngoma kwa mpangilio wake mwenyewe, mzito, usioyumba. Tim Wright ndiye anayeshika njia kwa besi: noti chache, safi, zinazorudi na kurudi.

Wapo wanaosema hizi ni kelele zisizo na maana. Siwezi kukubaliana nao, kwa kuwa kelele haimsubiri mtu, na hawa watatu wanasubiriana. Gitaa linafyatuka, linanyamaza ghafla, na katika ule upenyo besi inapita. Watu hawasubiriani hivyo pasipo jambo wanalotaka kuambiana. Maana imo humo, katika kule kupeana nafasi, hata kabla ya kuuliza wimbo unahusu nini. Wimbo mmoja unaitwa 32123 tu, tarakimu zinazosomeka vilevile ukianzia kushoto au kulia, na sijawahi kuona kwamba umepungukiwa na jina.

Lindsay alilelewa Brazili na wazazi wamisionari kutoka Marekani. Nadhani mtoto anayekulia kati ya lugha mbili huzoea mapema kuisikia hasira au huruma ya mtu kabla hajayajua maneno yake, na sikio la namna hiyo nalisikia humu.

DNA ilivunjika mwaka 1982. Miaka kumi na moja baadaye, humo humo New York, wanamuziki wengine waliunda bendi wakaiita Blonde Redhead, jina la wimbo mmoja wa santuri hii. Guno lilikuwa limeitikiwa.