Kisanduku cha Giza na Amana ya Sura

Tumeletewa suala kutoka Karagita, kando ya ziwa la Naivasha, waliko watu wa kila upande waliokwenda kutafuta riziki katika mashamba ya maua, na miongoni mwao wamo ndugu zetu. Vijana wa huko wametengeneza kamera kwa mikono yao, isiyo na kioo wala betri. Baadhi ya wazee wamewaambia waivunje, kwani ni chombo cha haramu. Je, wamepata au wamekosa?

Yatupasa tukijue kitu kabla ya kukihukumu. Kamera hiyo ni kisanduku cha karatasi ngumu, kimepakwa weusi ndani, wala hakipenyi mwanga. Mbele pamebandikwa kipande cha mkebe wa soda, kilichotobolewa kwa ncha ya sindano tundu la kiasi cha milimita 0.3. Nyuma yake, mwendo wa sentimita 6 na nusu, huwekwa gizani karatasi moja ya filamu ya papo kwa papo, mfano wa zile za Instax zilizoanza kutolewa na Fujifilm ya Japani mwaka 1998. Tundu likifunuliwa, mwanga wa kila kilicho mbele hupita kwa mstari ulionyoka: wa juu huanguka chini na wa chini huanguka juu, sura ikasimama kichwa chini. Juani yatosha kufumba na kufumbua. Kivulini hutakiwa zaidi. Kisha karatasi hubanwa na kupitishwa baina ya vyuma viwili vya mviringo, kifuko cha dawa kilicho ukingoni mwake kikapasuka, na baada ya dakika moja na nusu hivi sura huonekana.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu hawakusoma khabari za wazee wao. Al-Hasan bin Al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufia Misri kiasi cha mwaka 1040, aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la mahali penye giza, akaona kila taa ina nuru yake ukutani. Akifunika moja, nuru ya hiyo peke yake hutoweka. Kwa hayo alithibitisha kwamba nuru hazichanganyikani zinapokutana tunduni. Akaandika pia risala juu ya sura ya jua lililopatwa, inavyoonekana ikipita katika tundu. Jua lilipopatwa Kenya tarehe 15 Januari 2010, likabaki kama pete, mwenye kisanduku kama hiki angeliitazama pete hiyo ndani yake bila ya kudhuru macho.

Ama khabari ya taswira, hatukatai kwamba Hadithi zimewaonya vikali wenye kufanya sura. Wanavyuoni wamekhitilafiana: wako walioitia picha ya kamera katika katazo hilo, na wako walioitoa. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala akisema kwamba picha hiyo ni kuzuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala si kushindana na uumbaji Wake. Nasi twaelekea kauli hiyo. Mwenye kutoboa tundu hakuchora jicho wala pua. Amefungua mlango tu, nuru ikaingia yenyewe. Wala hatumlaumu mwenye kujizuia kwa uchaji.

Walakini twastaajabu. Twagombana juu ya kisanduku cha vijana, na ilhali kila mfukoni mna simu ya kupigia picha! Mabibi hukaa katika ukumbi wao wa arusi wakijua wamesitirika; asubuhi sura zao zimezagaa mikononi mwa wasiowajua. Hapo ndipo haramu ilipo, wala hapana khitilafu. Surat Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na Surat An-Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na sura ya mtu ni amana.

Katika jambo hili kisanduku cha Karagita kina mafunzo. Filamu ya namna hii haibakishi asili ya kusafishia picha nyingine; sura ni moja, juu ya karatasi moja. Mpigaji na mwenye kupigwa huingoja pamoja, wakaiona pamoja. Basi mfanyakazi wa shamba la maua na aulizwe kwanza, na picha ikishatoka apewe mwenyewe: akitaka ampelekee mamake, akitaka aichane. Ni kweli kwamba mtu aweza kuinakili kwa simu. Lakini hapo atakuwa amevunja amana hali ya kuijua.

Jawabu letu, basi, ni kwamba kisanduku kisivunjwe. Vijana na washikamane na mambo matatu: wasimpige mtu picha bila ya idhini yake, wasipige kinachopasa kusitiriwa, na picha arudishiwe mwenyewe. Na wazee waliotaka kukivunja twawasihi wazitazame kwanza simu zilizomo majumbani mwao, wajue ni sura za nani zilizomo humo, na nani aliyetoa ruhusa.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.