Kilele na Amana

Tumeulizwa na mmoja katika wazee wetu wa mjini suala ambalo twaona yafaa kulijibu hapa, ili faida yake iwafikie wengi. Asema mzee wetu: «Mmewachukua vijana wa darasa mkaenda kupanda mlima wa Jombo. Hapakuwa na shamba la kulima huko, wala jamaa wa kuzuru, wala kuni za kuleta. Je, huo si upuuzi, na kuwaiga Wazungu ambao hupanda milima ili wapate kusema kuwa wameipanda?»

Jawabu letu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nyepesi, na ya pili ni nzito, na katika hiyo ya pili sisi ndio washitakiwa.

Ama ya kwanza, kupanda mlima asili yake ni jambo la halali, na hukumu ya tendo hufuata nia ya mtendaji. Qur'ani Tukufu imetuamrisha tuitazame milima namna ilivyosimamishwa. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiupanda Jabal Nur akikaa katika pango la Hira kabla ya kushukiwa na wahyi, na mlima wa Uhud ameutaja kwa mapenzi. Sisi watu wa pwani tumezoea kuutazama upande wa bahari tu, hata yuko mtu aliyezaliwa Msambweni akazeekea Msambweni, na Jombo auona kila siku umesimama peke yake huko bara, wala hajui njia ya kuufikia. Maji yaliyonywewa Mombasa miaka mingi yalitoka katika chemchemi za Marere, kwenye milima ya Shimba. Tumeyanywa, na mlima wenyewe hatukuujua. Basi kijana atokaye akatembea, akachoka, akaona ukubwa wa kazi ya Mola wake na udogo wa nafsi yake, huyo hakufanya upuuzi.

Lakini Qur'ani hiyo hiyo imetukataza kwenda katika ardhi kwa maringo, ikatukumbusha kuwa hatutaifikia milima kwa urefu. Na hapa ndipo ilipo sehemu ya pili.

Tulitoka alfajiri, siku ya Jumamosi katika musimu wa kaskazi, vijana saba pamoja na mwenyeji mmoja wa kutuonyesha njia. Jombo si mlima mkubwa kwa hesabu ya milima. Kimo chake chapita mita 400 kidogo, na Kilimanjaro una mita 5,895. Lakini mtu asiudharau. Chini ni mashamba na minazi, kisha msitu, kisha mtelemko mkali wenye mawe ya kuteleza na mizizi ya kushikia. Tulipofika nusu ya njia, kijana mdogo kuliko wote alikaa chini. Kiatu kilikuwa kimemkata kisigino mpaka damu. Tukamwuliza: «Utaweza?» Akasema: «Nendeni tu, sheikh, mimi nitawangoja hapa.» Tukampa chupa ya maji iliyobaki nusu, tukamwambia asiondoke chini ya mti ule, tukaenda zetu.

Kwa nini tulikwenda? Tusijidanganye. Kilele kilikuwa karibu, vijana wenye nguvu walikuwa wakitutazama, na tuliona haya kurudi mjini tuambiwe kuwa hatukufika. Tukafika. Na huko juu hatukuona ila miti na ukungu wa joto.

Tuliporudi penye mti, kijana hayupo. Tuliita, hapana ajibuye. Muda wa kumtafuta haukuzidi saa moja, lakini hatukumbuki saa ndefu kuliko hiyo. Tulifikiri maneno ya kumwambia mama yake, na kila neno lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Mwisho tulimkuta chini, katika boma la mzee mmoja wa Kidigo, amelazwa juu ya kitanda cha kamba, mguu umefungwa kitambaa, na dafu mkononi. Maji yalikuwa yamemwishia, akajaribu kushuka peke yake, akaanguka. Mzee yule alikuwa juu ya mnazi. Alisikia kilio, akashuka, akaiacha kazi yake, akampanda mlima akamleta mgongoni.

Na kazi yake, ewe msomaji, ilikuwa kugema tembo.

Mara ngapi tumeandika katika kurasa hizi juu ya wagema! Wala hatutengui tuliyoyaandika, tembo ni haramu jana na leo. Lakini alipotuuliza, kwa upole na bila ya kutukemea, «Shehe wangu, mtoto huachwaje msituni?», hatukuwa na jawabu. Yeye alikuwa juu akashuka kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Sisi tulikuwa chini, tukamwacha tuliyemjua ili tupande juu. Methali yasema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi sisi hatumsifu kwa tembo lake. Twamsifu kwa kushuka kwake.

Huenda mtu akatutetea akasema: kijana mwenyewe aliwapa ruhusa. Twasema: ruhusa ya mwenye haya si ruhusa. Mtoto mbele ya mwalimu wake na wenziwe atasema nini ila «nendeni»? Mwenye kuwajibika na amana hamwulizi aliyewekwa kuwa amana kama yafaa aachwe.

Na mwingine atasema: tukimngoja kila dhaifu, hapana atakayefika popote. Hoja hii ina nguvu. Wala hatusemi kuwa mwenye nguvu afungwe mguu. Tungeweza kugawanyika, mwenyeji akawaongoza waliotaka kupanda, na sisi tukakaa na mgonjwa. Asiyekuwa na ruhusa ya kuendelea alikuwa mmoja tu, naye ni mkubwa wa msafara. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) safarini alikuwa akibaki nyuma, akiwahimiza wanyonge, akiwapakia juu ya kipando chake na kuwaombea dua. Kiongozi mahali pake ni nyuma.

Mambo haya yamewahi kupimwa katika mlima mrefu kuliko yote duniani. Mwezi wa Mei 2006 watu wapatao arobaini walipita karibu na Mwingereza mmoja, David Sharp, aliyekuwa akifa kwa baridi katika Everest, wengi wao wakielekea kileleni. Wengine walidhani amekwisha kufa, na wengine walisema hawana la kumfanyia. Siku chache baadaye, katika mlima huo huo, watu wanne walimkuta Mwaustralia Lincoln Hall, wakakiacha kilele kilichokuwa karibu nao, akaokoka. Na Mei 2024 Mkenya mwenzetu, Cheruiyot Kirui, alifia karibu na kilele hicho, naye Nawang Sherpa aliyefuatana naye hakurudi. Jamaa zake Kirui walikubali mwili ubaki huko huko, wasihatarishe roho za watu wengine kwa kuuteremsha. Hebu fikiri uzito wa uamuzi huo kwa mzazi! Hao walijua roho ya mtu ina thamani gani.

Tangu siku ile tumeliangalia darasa letu kwa jicho jingine. Yuko kijana ahifadhiye upesi, nasi twafurahi naye, twaendelea naye ukurasa baada ya ukurasa. Na yuko wa nyuma asemaye «nimefahamu, sheikh», hali ya kuwa hakufahamu, kwa kuona haya. Huyo pia tumemwacha chini ya mti na chupa nusu. Na wewe mfanyabiashara uliyepanda, mtazame nduguyo uliyeanza naye safari.

Basi mzee wetu, jawabu ndilo hilo. Kupanda Jombo hakukuwa upuuzi. Upuuzi ulikuwa kufika. Inshallah tutakwenda tena, na kijana yule, ambaye kisigino chake kimepona, ndiye atakayetangulia mbele kutupimia mwendo.