Jina Mbele, Numero Nyuma

Safari hii wazee wamenituma niandike juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo, tena ni la chekesho: plaki ya motokari. Lakini jambo hili lilitukalisha katika chumba cha mashemasi tangu mwisho wa ibada mpaka jua kuzama, na hatukupatana. Basi tulifikirie pamoja.

Ndugu mmoja wa parokia yetu, mfanyabiashara wa mawe, Mungu alimbariki akanunua motokari ndefu. Sisi wote tulifurahi. Siku ya yenga akaja nayo mpaka mlangoni pa uwanja wa sala, akatuletea kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe. Kufungua: ni plaki ya chuma, imeandikwa jina lake lote kwa herufi za rangi ya dhahabu, na chini yake sura na mstari wa Zaburi. Akaniambia, « Papa Shemasi, ninaomba wazee waiombee na waimwagie maji. Nitaiweka mbele, pahali pa ile ya Serikali. Ile ya Serikali itabaki nyuma. »

Wengine wakasema amina mara moja. Wengine wakanyamaza. Mimi nilikuwa kati ya wale walionyamaza, na nitaeleza sababu, lakini kwanza nitamtetea ndugu huyu, maana wako watu waliomsema vibaya bila kufikiri.

Wanasema ni majivuno tu. Si majivuno tu. Sisi watu wa Katanga tunajua ginsi mtu anavyoweza kukosa jina. Baba yangu alifanya kazi katika kampuni ya madini, na kila mfanyakazi alikuwa na matrikili yake. Tulipoenda kutafuta dawa, waliuliza matrikili. Tulipoenda kupokea unga, waliuliza matrikili. Nilijua numero ya baba yangu kabla ya kujua jina la kijiji chake. Sisemi kama ilikuwa vibaya, kwa maana numero ile ilitulisha na kutusomesha. Lakini mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kwa mara moja, katika mji huu kulibaki wazee wengi waliojua numero zao kwa moyo, na hakuna mlango hata mmoja ambapo numero zile zilifungua kitu.

Tena kumbukeni mambo ya majina yenyewe. Mwaka 1972 amri ya Mobutu ilitoka, wazazi wetu wakaacha majina ya ubatizo, na waliokuwa Joseph na Marie wakatafuta majina mengine ya kuandika katika karatasi. Kisha katika miaka ya 1992 na 1993, hapa Kolwezi na kule Likasi, jina la Kikasai lilitosha kumtoa mtu katika nyumba yake. Nilikuwa mtoto, lakini niliona familia zimelala kwenye stasio ya treni na magodoro na sufuria, kwa sababu ya jina tu. Wakati ule mtu aliomba jina lake lisisikike. Sasa mtu aliyetoka katika historia kama hii, akipata feza na kuandika jina lake katika chuma, mbele ya motokari, mchana, watu wote walisome bila yeye kuogopa, je, nitamwambia ni Shetani? Siwezi. Mchungaji mwema mwenyewe, katika Yoane sura ya 10, anaita kondoo zake kila mmoja kwa jina. Hatusomi kama aliziita kwa numero.

Na si sisi peke yetu. Madereva wa malori ya Tanzania wanaokuja hapa kubeba shaba yetu mpaka Dar es Salaam, wanaonyesha plaki yenye herufi T, kisha tarakimu tatu na herufi tatu. Lakini kwao mtu akitaka, Serikali inamwandikia jina lake mwenyewe pahali pa ile numero. Katika bajeti ya mwaka 2016 bei ya jambo hilo ilitoka shilingi milioni 5 ikafika milioni 10, na ni kwa miaka mitatu tu. Miaka mitatu ikiisha, unalipa tena. Kumbe hata jina ulilopewa na baba yako unaweza kulipanga kama nyumba!

Kule Dubai, mwaka 2023, plaki yenye herufi P na tarakimu moja, 7, iliuzwa kwa mnada dirhamu milioni 55, ni kusema karibu dola milioni 15. Ninawaambia ukweli wote: feza za mnada ule zilikwenda kulisha watu wenye njaa. Sasa msiharakishe kuhukumu. Lakini tuangalie neno moja. Sisi tunatafuta kutoka katika numero ili tuwe na jina. Matajiri wale wenye majina makubwa wanatafuta numero fupi. Basi kinachotafutwa si jina wala numero. Kinachotafutwa ni kuwa na kitu ambacho jirani hana. Kama watu wote wa Kolwezi wangepewa bure plaki ya jina, ndugu yetu angeleta ile ya kwake tuimwagie maji? Ninafikiri asingeileta.

Na motokari mpya zinazokwenda kwa umeme, nyingi zina betri za kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka hapa kwetu. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walianza kuchimba chini ya nyumba zao, wengine ndani ya chumba cha kulala. Nani anajua majina ya wale walioshuka katika mashimo yale na hawakupanda tena? Ninasema hili kwa kupita tu.

Sasa nitasema sababu ya kunyamaza kwangu.

Katika kiangazi cha mwaka uliopita, mtoto wa mama mmoja wa kanisa letu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anauza maji ya baridi kando ya barabara inayokwenda Musompo. Taxi-bus moja ikaacha njia kwa kukimbilia abiria, ikamgonga, ikavunja mguu wake, ikaenda. Mimi nilifika na wazee wawili kabla vumbi halijatulia vizuri. Tukauliza watu: ni motokari gani? Wote wakajibu kwa mdomo mmoja: « Ni ile ya Damu ya Yesu! » Ndivyo ilivyoandikwa mbele juu ya kioo, kwa herufi nyekundu kubwa, na nyuma vilevile. Polisi akauliza numero. Hakuna aliyeijua. Wauza makala hawakuijua, vijana wa taximoto hawakuijua, hata mwalimu mmoja aliyekuwa pale anangoja gari hakuijua. Macho ya wote yalikamatwa na yale maandiko makubwa, na plaki ya Serikali ilikuwa chini, imepinda, imejaa matope makavu.

Tuliitafuta siku tano. Tulipata taxi-bus tatu za Damu ya Yesu katika mji huu, na madereva wote watatu waliapa kwa jina lililoandikwa juu ya vioo vyao kama si wao. Mama wa mtoto aliniuliza, « Papa Shemasi, sasa nitamshitaki nani? Nitamshitaki Yesu? » Sikuwa na jibu. Mpaka leo msichana yule anatembea upande mmoja.

Tangu siku ile ninaangalia plaki kwa macho mengine. Nilikuwa ninafikiri plaki ni jambo la Serikali la kukamata kodi na la polisi la kututesa kwenye rompwe. Lakini nilikuja kusoma ginsi ilivyoanza. Wakubwa wa mji wa Paris, tarehe 14 Agosti 1893, waliagiza kwamba kila motokari iwe na kipande cha chuma chenye jina la mwenyewe, pahali anapokaa, na numero yake, kiwekwe upande wa kushoto, na kisifichwe hata siku moja. Mnaona? Plaki za mwanzo zilikuwa na jina! Lakini jina lile halikuwekwa ili mwenyewe asifiwe. Liliwekwa ili yule aliyekanyagiwa mtoto ajue mlango wa kupiga hodi. Numero ilikuja kukaa pahali pa jina kwa sababu motokari zilikuwa nyingi na watu wa jina moja ni wengi. Kwa hiyo ile numero mbaya ya Serikali, isiyo na uzuri, ni jina langu mkononi mwa jirani yangu. Ni ahadi kwamba nikimkosea, atanipata.

Hapa sherti niwe mwenye haki kwa Watanzania pia. Jina lao la kulipia limeandikwa katika kitabu cha Serikali, na hakuna mwingine anayeweza kulibeba. Mtu mwenye plaki ile akigonga mtoto, hata mtu asiyejua kuhesabu atamkumbuka. Plaki ya namna ile inamfunga mwenyewe kuliko numero. Lakini ile inayochorwa na fundi wetu wa mabango, iwe jina, iwe « Mheshimiwa », iwe « Mtumishi wa Mungu », haiko katika kitabu chochote. Inaonekana sana na haimpatishi mtu. Na nimeona tena kwamba polisi anapoona maandiko ya cheo mbele ya gari, mkono wake unashuka. Hatupendi kusema hivyo, lakini tunajua wote kwamba ndiyo sababu wengi wanaitafuta.

Nikafungua kitabu cha pili cha Samweli. Absalomu, mtoto wa Daudi, katika sura ya 15 alijipatia gari na farasi, na watu hamsini wa kukimbia mbele yake. Wale hamsini ndio plaki ya wakati ule. Ukiwaona, unajua nani anakuja nyuma. Kisha sura ya 18 inatuambia kwamba alipokuwa angali hai alijisimamishia nguzo ya jiwe, akaiita kwa jina lake, kwa kufikiri hana mtoto wa kulikumbusha. Lakini mwili wake ulitupwa katika shimo msituni, wakarundika mawe juu. Nguzo ilibaki bondeni na jina lake, na yeye alikuwa pahali pengine. Nimeanza kuwaza: ndani ya gari lile, wakati wa kukimbia kwake, ni masikini wangapi aliwagonga? Biblia haisemi. Waliokimbia mbele hawakukimbia kwa ajili yao.

Wapendwa, watu wa kanisa la kinabii hatukatai alama. Tunavaa nguo nyeupe, tunavua viatu, tunatumia maji, tunaandika maneno ya Mungu juu ya milango. Kwa hiyo mzee mmoja aliniuliza vizuri: « Shemasi, ukikataa plaki ya ndugu, utakataa na kanzu yako? » Ni swali zito, na lilinikamata usiku mzima. Jibu langu ni dogo. Kanzu hii, nikiivaa sokoni na nikamdhulumu muuza samaki, atajua ni kanisa gani la kunishitaki, na wazee watanikalisha chini. Kanzu inanifunga. Je, plaki ya dhahabu inamfunga ndugu yetu, au inamfungulia barabara? Kama inamfunga, mimi wa kwanza nitachukua ndoo ya maji.

Wazee wakasema tumwite yeye mwenyewe. Akaja, akakaa chini kwa heshima, maana ni mtu mwenye heshima, na michango yake kwa ujenzi wa paa mnaijua. Mzee mkubwa hakumhubiri. Alimwuliza neno moja tu: « Mtoto wangu, numero ya motokari yako ni ngapi? »

Ndugu akacheka kidogo. Akatafuta katika simu yake, hakuipata. Akasema, « Mzee, iko nyuma ya gari. » Mzee akamwambia, « Basi twende tuisome. »

Tukatoka wote. Gari lilikuwa limetoka Fungurume asubuhi ile, na nyuma kote kulikuwa vumbi jekundu, hata herufi moja haikuonekana. Ndugu yetu akaangalia huku na huku, hakukuwa na kitambaa. Ile nguo nyeupe iliyofunika plaki mpya ilikuwa mkononi mwangu. Nilimpa. Akachutama, akapangusa pole pole, akatusomea numero yake kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtoto wa shule, na mzee akamwomba arudie mara ya pili.

Ile plaki ya dhahabu ingali katika chumba cha mashemasi, nyuma ya ndoo. Hajaja kuiomba, na wazee hawajakata neno. Watakutana tena kisha mfungo.