Mmekuja kwa Nani?

Boti ilipofunga gati Kilindoni, kisiwani Mafia, tulishuka watu wanne wenye mashanta mgongoni. Wawili walikuwa Wazungu, kijana na mpenzi wake. Walikuwa wametokea Unguja na Pemba, na kwa maelezo yao huu ulikuwa mwezi wa nne hawajalala kwao. Wawili wengine tulikuwa mimi na mke wangu, tumetokea Tandika, tumefunga mlango alfajiri ya siku ile ile. Vijana wa gatini waliwakimbilia wale Wazungu na kuwauliza, "Mnakwenda wapi?" Walipotugeukia sisi, swali likabadilika: "Na nyie mmekuja kwa nani?"

Ndugu msomaji, naomba tukae kidogo na swali hilo. Mimi limenisumbua mpaka leo.

Hatukuwa tumekuja kwa mtu. Tulikuja kuona. Nilipojibu hivyo, kijana mmoja akacheka, wala si kwa ubaya, akasema, "Kuona nini sasa, kaka?"

Kwa kweli swali lenyewe lilikuwa limeanzia mtaani kwetu. Jirani alipoona tunafunga mizigo aliuliza kama kuna msiba. Tukamwambia hakuna. Harusi? Hakuna. Mnakwenda kuchukua nazi mje muuze? Hapana, tunakwenda kutembea tu. Akatuangalia kama watu tuliookota pesa. Kwetu Temeke, na sidhani kama Manzese au Mwananyamala mambo ni tofauti, mtu husafiri kwa sababu inayoeleweka: kuzika, kuoza, kuuguza, kutafuta. Wapo waliokaa Kinondoni miaka ishirini na hawajakanyaga kisiwa cha Mbudya, ambacho ukisimama ufukweni Kunduchi unakiona kwa macho yako. Nauli ni sababu mojawapo. Lakini ipo nyingine: hawana mtu kule.

Sasa tazama lugha yetu inavyowagawa watu. Anayetembea bila shughuli akiwa na dola anaitwa mtalii. Anayetembea bila shughuli akiwa na kandambili anaitwa mzururaji. Kitendo ni kimoja, majina ni mawili. La kwanza lina wizara, la pili lina karandinga.

Si utani. Waingereza walituachia Kanuni ya Adhabu ambayo ndani yake uzembe na uzururaji ni makosa. Baada ya uhuru sisi wenyewe tukaongeza yetu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wazee wa mitaani bado wanasimulia jinsi watu walivyosombwa Dar es Salaam kwa kukosa kitambulisho cha kazi, wakapakiwa kurudishwa vijijini. Ilibidi tufike Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa hapa Arusha, itoe maoni kwamba sheria za uzururaji barani zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Katika nchi yako mwenyewe, basi, kutembea tu kulikuwa jambo la kujieleza mbele ya askari.

Hasira hiyo ndiyo niliyoibeba ndani ya shanta. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala ya kusema kwamba maskini naye ana macho, naye ana haki ya kwenda mahali kwa sababu tu papo na yeye hajapaona. Bado naamini hivyo. Lakini yaliyotokea kule yalinivuruga.

Pale gatini palikuwa na bibi mmoja tuliyekuwa naye kwenye boti tangu Nyamisati. Tulikuwa tumemwamkia na kumsaidia ndoo zake mbili. Aliposikia tunaulizwa akaingilia kati: "Kama hawana mtu, basi wamekuja kwangu." Mjadala ukaisha. Tukapanda gari naye hadi Utende, tukapita geti la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, mahali ambapo mgeni wa nje na mwananchi hawalipi bei moja, kisha tukavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Chole. Wale Wazungu wawili tulipishana nao huko siku ya pili, wakitazama popo wakubwa wanaoning'inia mitini kama matunda. Walilala walikolipia. Sisi tulilala tulikopewa mkeka.

Hapo nikaona nimepata falsafa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa, kuonyesha kwamba ukarimu wa jadi haukuwa ruhusa ya kukaa unanyonya. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo tofauti! Mtalii anakaa mwezi mzima na hapewi jembe, kwa sababu pesa yake imelilipia. Lakini kwa kulilipia amekosa kitu. Hakuna anayemhitaji pale, na akiondoka pengo lake ni la kitanda tu. Mgeni aliyeshika jembe ameacha jasho lake mahali. Ameanza kuwa mtu wa pale.

Nikamkumbuka hata Ibn Battuta. Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, mwaka 1331 akafika Kilwa, akausifu mji ule. Baadaye alipofika visiwa vya Maldivi walimpa ukadhi. Nikasema, hilo ndilo jembe lake la siku ya tatu.

Siku yetu ya tatu ikafika. Asubuhi bibi akanionyesha rundo la nazi na kifuo akasema, "Haya mwanangu, leo wewe mwenyeji." Nilifua nazi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi jana yake nilipovuka kwa ngalawa kwenda Juani kuona magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba makala imekamilika kichwani. Hakunijibu.

Alinijibu kwenye boti, wakati wa kurudi.

"Wewe ulipewa jembe siku ya tatu," alisema. "Mimi nilipewa mwiko jioni ile ile tuliyofika. Siku ya pili ulipokwenda Juani mimi nilikuwa kisimani. Hayo magofu yako mimi sijayaona."

Nikataka kumwambia kwamba angesema tungekwenda wote. Akaniwahi. "Ningesema vipi? Bibi wa watu ameinama anapepeta mchele, mimi mwanamke mwenzake nivae shanta niseme natoka kwenda kuona?"

Washkaji, nilinyamaza. Nilikuwa nimepima safari yetu kwa methali, na sikuwahi kujiuliza methali ile ilitungwa kumhusu mgeni yupi. Siku mbili za kupumzika ni za mgeni mwanaume. Mgeni mwanamke hupokelewa mzigo mlangoni na kuoneshwa jiko, na tunauita huo mchanganyiko wa heshima na mapenzi. Hata Ibn Battuta wangu, nilipomrudia, sikumwona vile vile. Kule Maldivi alioa wake zaidi ya mmoja, na alipotaka kuondoka aliwataliki. Yeye akaendelea kuwa msafiri mkubwa. Wao wakabaki visiwani, na majina ya safari hayakuwahusu.

Atatokea msomaji aseme, basi dawa ni kulala walikolala Wazungu, ulipie, wote wawili mkae siku tatu hakuna wa kushika mwiko. Nimelifikiria hilo. Lakini nyumba ya wageni nayo ina jiko, na jikoni yupo mwanamke mwingine wa kisiwa kile kile. Tofauti ni kwamba anapewa mshahara, na hilo si dogo, silidharau. Ila swali halijafutika, limehamia chumba cha nyuma tu. Mtu mmoja anatoka kwenda kuona kwa sababu mwingine amebaki kupika.

Na mke wangu hakuwa analalamika kuhusu bibi. Huko jikoni alisikia mambo ambayo mimi na daftari langu hatukuyapata. Bibi alimwambia kwamba Dar es Salaam ameijua kwa kuuguza tu: wodi, ngazi za hospitali, na kituo cha daladala cha kurudia. Magofu ya Kua, ambayo mimi niliyaona kwa asubuhi moja, yeye aliyazoea tangu utotoni bila mtu kumwambia ni kitu cha kutazamwa. Kisha akamuuliza mke wangu swali: "Na nyie mkitoka hivi tu, kwenu anabaki nani?"

Nadhani swali hilo na lile la gatini ni ndugu. "Mmekuja kwa nani" linauliza nani atakubeba unapofika. "Anabaki nani" linauliza nani anakubeba huko ulikotoka. Nilikuwa nimelichukia la kwanza nikidhani ni la kumnyima maskini uhuru wake. Sasa naona lina haki yake. Linakumbusha kwamba hakuna anayetembea kwa miguu yake peke yake. Kosa si kuuliza. Kosa ni kwamba majibu yote mawili, la mbali na la nyumbani, kila mara huwa ni mwanamke, na kila mara huwa bure.

Kwa hiyo haki ya kutembea naitetea bado, ya tajiri na ya mzururaji. Lakini haki isiyo na zamu ni haki ya mmoja. Ukishaona, inabidi ubaki ili mwenzako naye aone.

Tumekubaliana hivi. Safari ijayo ni Kilwa Kisiwani. Mke wangu atakwenda na mdogo wake wa kike, wakaone msikiti mkuu na Husuni Kubwa, na shanta atabeba yeye. Mimi nitabaki Tandika. Nitachota maji, nitapika, na mama yangu akija kutusalimia nitampokea mimi mzigo mlangoni na kumtengea chakula.

Najua siku ya kwanza tu jirani atachungulia dirishani aniulize, "Mwenzio kaenda kwa nani?" Nimeshaandika makala nzima, na jibu la kumpa bado sijalipata.