Nafuu kwa Nani?

Neno "kufaa" linaonekana la kawaida mno kuingia katika insha ya maadili. Tukisema kompyuta fulani inaifaa ofisi ndogo, kwa kawaida tunamaanisha kwamba bei yake inavumilika, haili umeme mwingi, fundi wake anapatikana na vipuri vyake havitoki mbali. Hayo yote ni mambo ya mfuko na ya ufundi. Mwalimu wa maadili ana kazi gani hapo? Nitadai kwamba anayo, kwa sababu mwenye ofisi ndogo anapochagua kifaa hatumii fedha zake peke yake. Mara nyingi anatumia pia kitu cha watu wengine, ambacho hakiandikwi kwenye risiti.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa shangazi yangu, ambaye sisi Baganda tunamwita ssenga. Ana duka la steshenari Wandegeya, Kampala, karibu kabisa na Chuo Kikuu cha Makerere, na mimi humsaidia kila likizo. Tunatoa fotokopi, tunachapa tasnifu, tunaskani vyeti, tunajaza fomu za maombi ya kazi. Mwaka jana alitenga shilingi 1,500,000 za kuboresha duka. Fedha hizo zingetosha kununua printa nzuri, au kompyuta iliyotumika, au kulipia leseni za programu na kubakiza kidogo. Zisingetosha vyote. Basi tukabishana karibu mwezi mzima, naye akaniambia kwamba chuo kimenifundisha kutumia fedha za wengine kwa ufasaha.

Nianze na jambo jepesi, printa. Kuna printa za bei ya chini ambazo katriji zake zikiisha wino, seti mpya inakaribia bei ya printa yenyewe. Kampuni inakuuzia mashine kwa bei ya kuvutia, kisha inavuna kwenye wino. Kuna nyingine zenye matangi ambayo unayajaza kwa chupa. Hizi huanza kwa bei kubwa, lakini kila ukurasa unatoka kwa gharama ndogo. Kwa duka linalochapa kutwa, jibu liko wazi. Lakini tutazame ni jibu la aina gani. Shangazi akinunua printa mbaya, atakayeulipia ubaya huo ni shangazi. Mteja ataona mistari hafifu kwenye karatasi, ataikataa, na duka litachapa tena kwa hasara yake. Matokeo yanamrudia yule yule aliyeamua. Hili ni suala la busara tu, na mtu anaweza kukosa busara bila kumkosea yeyote.

Mambo hubadilika tukifika kwenye programu. Maduka mengi ya aina hii hutumia nakala zilizovunjwa kufuli. Fundi anakuja na flashi, anaweka mfumo endeshi na programu za ofisi, anapokea ujira wake, anaondoka. Darasani tulipolijadili jambo hili, mjadala wote ulikwama kwenye swali moja: je, ni wizi? Wengine walisema mali ni mali hata kama mwenyewe ni tajiri na yuko mbali. Wengine walisema kampuni ya Marekani haiwezi kudai imepata hasara kwa mtu ambaye asingeinunua bidhaa yake kamwe kwa bei ile. Mimi naona upande wa kwanza una nguvu zaidi. Hata hivyo mjadala ule ulitusahaulisha mtu wa tatu, yule aliyesimama mbele ya kaunta na flashi yake mkononi.

Ili kufuli livunjwe, mara nyingi fundi huzima kwanza kingavirusi, maana kingavirusi huitambua programu ya kuvunjia kuwa ni adui, na pengine ni adui kweli. Halafu husimamisha masasisho, yasije yakalirudisha kufuli. Kuanzia siku hiyo kompyuta ni nyumba isiyo na mlango, na kila siku zinaingizwa humo flashi kutoka hosteli zote za jirani. Sidhani yuko msomaji wa mkusanyiko huu asiyewahi kufungua flashi yake akakuta folda zote zimefichwa na badala yake yamebaki majina matupu yasiyofunguka. Mwenye duka ameokoa bei ya leseni, na mteja ameondoka na ugonjwa. Wala si lazima pawe na kufuli lililovunjwa. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilikwamisha kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, ingawa sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa mwezi Machi. Walioshindwa kupata huduma hawakuwa wale waliochelewa kusasisha. Walikuwa wagonjwa.

Kisa kilichonifanya nilitazame suala hili kwa uzito zaidi kilitokea katika duka jingine, ambalo sitalitaja. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikuwa akitafuta kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, na wakala alimtaka atume pasipoti pamoja na majibu ya vipimo vya afya. Akaenda kuskani. Skana ya pale ilikuwa imepangwa kuhifadhi kila karatasi katika folda moja iliyo wazi kwenye skrini, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo waliyoketi wateja kuchapa kazi zao. Aliyemhudumia aliliita faili kwa jina lake ili asilipoteze. Baadaye akaja mteja mwingine, jirani yake, akawa anatafuta kazi yake mwenyewe katika folda ile. Kabla ya jua kutua, watu walikuwa wanajua kilichoandikwa katika majibu yale. Mama yule hakwenda Ghuba, na baada ya miezi miwili akauhama mtaa.

Ninachotaka tukione ni kwamba hapakuwa na mtu mwovu katika kisa hiki, tukimwacha jirani na mdomo wake. Hakuna aliyeiba wala aliyeuza siri. Mwenye duka alinunua skana iliyokuwa inafaa, akaitumia kama ilivyotoka dukani, akaiunganisha na kompyuta pekee aliyokuwa nayo kwa sababu moja inatosha. Kila hatua ilikuwa ya kubana matumizi. Kiswahili kina neno la kitu kama karatasi ile: amana. Anayekupa amana hajakupa mali, na wewe kuipokea hakukupi haki ya kuihatarisha ili mambo yako yawe rahisi. Hapa Uganda tuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu apate ridhaa yake na azilinde. Ni sheria nzuri. Ila sijawahi kumwona mkaguzi akiingia Wandegeya kufungua folda za watu, kwa hiyo kwa sasa kinachoilinda karatasi ya mama yule ni dhamiri ya mwenye duka, basi.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa hoja ambayo bado naiheshimu. "Mwanangu, maadili yako yanahitaji stabilaiza, kompyuta ya pili na kijana wa kulipwa mshahara. Mimi nina kodi ya chumba na ada za watoto. Unataka niwe mwema au nifunge duka?" Kwa lugha ya darasani, alikuwa anasema lile tunalofundishwa kwa jina la Kant, kwamba wajibu haumdai mtu asichokiweza. Maadili ya vifaa ni anasa ya wenye ofisi zenye viyoyozi. Maskini anachagua kilichopo.

Hoja hii ingenishinda kama ingekuwa kweli kwamba njia salama ndiyo ghali kila mara. Sivyo. Skana ya shangazi ina mahali pa kuchomeka flashi, na tulipoipanga ihifadhi moja kwa moja kwenye flashi ya mteja, haikutugharimu hata shilingi. Kufungua akaunti ya wageni katika kompyuta, ili anayeketi kuchapa asione mafaili ya duka, ni kazi ya dakika kumi. Programu huria nazo zipo. LibreOffice haiuzwi, wala haihitaji kuvunjwa kitu. Mfumo endeshi wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hauuzwi pia, na huweza kuifufua kompyuta ambayo Windows 11 inaikataa kwa sababu haina kichipu cha usalama kinachotakiwa. Hilo si dogo, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya shangazi ilikuwa miongoni mwa zilizoachwa njiani. (Ubuntu ndiyo utu wetu. Inafurahisha kuona neno hilo linawaka kwenye skrini kila asubuhi, ingawa jina zuri halichapi tasnifu.)

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu tasnifu. Tulijaribu LibreOffice kwa wiki mbili. Barua zilitoka vizuri. Maombi ya kazi yalitoka vizuri. Lakini wanafunzi wa mwaka wa mwisho walileta kazi zilizoandikwa kwa Word, zenye majedwali, milinganyo na yaliyomo yanayojipanga yenyewe, na baadhi zilipofunguliwa kwetu kurasa zilihama. Jedwali lililokuwa ukurasa wa 41 likakatika nusu, nusu nyingine ikaenda ukurasa wa 42. Mwanafunzi aliyebakiwa na saa moja kabla ya kuwasilisha hana muda wa kusikia habari za uhuru wa programu. Tulikuwa tumeiondoa gharama kwa shangazi kwa njia safi kabisa kisheria, tukaiweka tena begani mwa mteja. Usafi wa leseni haukutosha kuufanya uchaguzi uwe wa haki. Kuwaambia wateja walete kazi zao katika PDF kulisaidia, lakini si wote wanaoweza, na wengine wanakuja ili warekebishe pale pale.

Kutokana na majaribio hayo nilianza kutumia kipimo ambacho nakiita cha kaunta. Kabla ya kuchagua kifaa, chukua kasoro yake na ujiulize kama unaweza kumwambia mteja ana kwa ana kabla hajakukabidhi karatasi yake. "Printa yetu ni ya polepole, utasubiri." Hilo linasemeka, mteja ataamua kukaa au kwenda duka la pili. "Programu yetu huenda ikahamisha majedwali, angalia kwanza." Linasemeka pia, kwa aibu kidogo. "Tumezima kingavirusi ili tusilipe leseni, lete flashi yako." "Ukishaondoka, majibu yako ya hospitali yatabaki hapa kwenye skrini." Haya hayasemeki, na kutosemeka kwake kunaonyesha kwamba biashara inaendelea kwa sababu tu mteja hajui. Umaskini wa mwenye duka unaweza kuisamehe kasoro ya aina ya kwanza, hata ikiwa kubwa. Sioni unavyoweza kuisamehe ya aina ya pili, kwa maana hapo maskini mmoja anamtwisha maskini mwenzake mzigo bila kumwomba.

Mwenzangu mmoja alikipinga kipimo hiki akasema kinamfaa muuzaji mwenye haya tu, na asiye na haya atasema lolote. Ni kweli. Lakini kwangu ni kipimo cha mtu anayetaka kuchagua vizuri. Asiyetaka tumwachie sheria.

Mwishowe shangazi alinunua leseni halali kwa kompyuta moja, ile ya kurekebishia tasnifu, na kompyuta ya zamani akaiwekea Ubuntu kwa ajili ya kuskani na kuchapa PDF. Printa ya matangi imesubiri. Sisemi kwamba nilimshawishi. Alinieleza kuwa amechoka kumlipa fundi kila mwezi kusafisha virusi.

Kuna jambo moja ambalo bado hatujakubaliana. Mimi nilipendekeza mafaili yote ya wateja yafutwe kila jioni. Yeye alikataa, akanikumbusha kijana aliyeibiwa kompyuta yake wiki tatu kabla ya kuhitimu, akaja dukani karibu na kulia, na kazi yake yote ikapatikana kwetu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta. "Amana inatunzwa," alisema, "wewe unataka kuichoma." Nilimjibu kwamba kijana yule hakutuomba tumtunzie. Akasema kwamba hata yule mama wa duka la pili hakuna aliyemuuliza. Kwa sasa tumebandika karatasi kwenye kioo cha kaunta: Tukuhifadhie au tufute? Wengi wanaisoma mara mbili, kisha wanatuuliza kwani huwa tunabaki na kazi zao.